Nilivyopuuza ushauri wa muuzaji wa laptop ya mdogo wangu wa chuo, nikaishia kumfokea Bibi mbele ya wageni

Wakuu wa jukwaa nawasalimu, na wale walionizidi umri shikamooni.

Humu kila wiki lazima ukute uzi wa "natafuta laptop ya bei nafuu ya mwanafunzi wa chuo, nishaurini". Nasoma comments, mnataja RAM, mnataja processor, nacheka peke yangu. Leo nimeamua nitoe ya kwangu. Ni kisa cha kweli, na sehemu kubwa ni aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo sina faida yoyote ya kudanganya.

Uzi una urefu kidogo, vumilieni.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kwetu ni Isingiro. Sasa hivi iko Wilaya ya Kyerwa, lakini siku hizo wote tulikuwa Karagwe.

Mimi niliishia darasa la saba. Sikufanya vibaya sana wala vizuri sana, nikabaki nyumbani na migomba, kahawa na ndoto zangu. Maana mimi ni mtu wa ndoto. Nikiwa napalilia najiona natangaza mpira redioni, jembe ndiyo maikrofoni, migomba ndiyo mashabiki. Hadi leo sijapona.

Mwenye kichwa alikuwa mdogo wangu Adelina. Akasoma mpaka form six, akachaguliwa chuo kikuu Dar es Salaam. Kijijini kwetu hakuna msichana aliyekuwa amefika huko.

Sasa kuna rafiki yake aliyemtangulia chuo akamwandikia barua. Akamwambia ukiweza kuja na kompyuta yako njoo nayo, za hapa ni chache, tunapanga foleni, na kazi nyingine walimu wanataka zichapwe.

Adelina aliisoma ile barua akaikunja, akaenda kuchota maji. Hakuomba kitu. Hicho ndicho kilichoniuma. Mtu akikuomba unaweza kumkatalia. Yeye alikunja tu barua.

Nilikuwa na mtamba mmoja niliyemkuza mwenyewe tangu akiwa ndama. Ndiye niliyemtegemea kwa mahari. Nikamwambia Baba namuuza.

Baba akaniuliza: "Na mke utamwoa na nini?"

"Adelina akimaliza chuo ataninunulia wawili."

"Wake?"

"Ng'ombe, Baba."

Akacheka, akakubali, akaongeza na hela yake ya kahawa. Basi ikawa mimi ndiye wa kwenda kununua laptop. Mimi, ambaye kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye kalenda ya ukutani tu!

Nikapanda Hilux ya ndizi hadi mjini Kayanga. Pale kulikuwa na mzee mmoja, nimwite Mzee Salumu, asili yake pwani huko Pangani. Alikuwa anauza redio, anatengeneza redio, na duka lake lilikuwa na jenereta nyuma. Vitu vingine alikuwa anavipata Kampala, vilivyokwisha kutumika.

Akanitolea laptop mbili, akaziweka juu ya kaunta.

Moja ya kijivu, nene, kona zimechubuka, kioo chake hakina rangi, kila kitu kinaonekana kama picha ya zamani. Nyingine nyeusi, nyembamba, inang'aa. Alipoiwasha, wakuu, ikatoa rangi! Bluu, kijani, na kamuziki kadogo. Moyo wangu ukaondoka hapo hapo.

Mzee Salumu akaniona. "Mwanangu, hiyo nyeusi ni sura tu. Betri yake imechoka. Hii ya kijivu ni mbaya kama kiatu cha askari, lakini betri yake nzima, na bei yake ndogo. Huko kwenu umeme mnao?"

"Hatuna."

"Basi chukua ya kijivu."

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa la mtu wa Karagwe kabisa. Sisi tumekulia kwenye minada ya ng'ombe. Mnadani, ukimwona muuzaji anamponda ng'ombe mzuri na kukusukumia aliyekonda, ujue yule mzuri kamwekea mtu mwingine. Kila mtoto kwetu anajua hilo. Nikajisemea, aha, huyu mzee wa pwani ananiona mshamba. Ile nyeusi kaiahidi mtu.

"Mzee wangu, nataka nyeusi."

"Mwanangu, ninayekuambia ndiye ninayeuza."

"Nimekuelewa mzee. Nyeusi."

Akashusha pumzi. "Haya. Nitakujazia umeme. Ukiiwasha kwenu itakaa muda wa misa yenu moja hivi, basi. Ikishamaliza inaomba umeme. Chaja yake hii hapa. Ila bora msiiwashe mpaka ifike Dar."

Nikapiga hesabu zangu kichwani. Nikiwa nawasha dakika mbili mbili, misa moja si wiki nzima?

Nikafika nayo nyumbani Ijumaa. Sikuiwasha, naapa. Jumamosi mchana ndiyo ilikuwa sherehe ya kumuaga Adelina. Majirani wakaja, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikatengwa, ndizi na maharage zikapikwa kwenye masufuria makubwa.

Wa kwanza kunichokoza alikuwa Ta Deusi, yaani Mzee Deusi, jirani yetu, wazazi wake walitoka Burundi. Mtu wa utani, hakuna msiba atakaomshinda kuchekesha watu.

"Jovini, hii ndiyo iliyokula mtamba mzima? Mbona haina hata pembe?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasema ngoja. Nikaifungua, nikabonyeza pale nilipoonyeshwa. Kamuziki kakalia, rangi zikatokea. Watu wakasema "Waitu!" wote kwa pamoja, wengine wakarudi nyuma. Nikaifunika.

Wakaja wengine. Nikaifunua, nikaifunika. Wakaja kina mama kutoka jikoni, mikono ina unga, nao wanataka. Nikafunua, nikafunika. Katekista akaomba aone mara ya pili. Nilikuwa mtu mkubwa siku ile, wakuu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye safari ni Adelina.

Mara Ta Deusi akainama karibu nayo. "Jovini, mbona hii inanikonyeza?"

Kulikuwa na kitaa kidogo chekundu pembeni, kinawaka na kuzima.

"Imekupenda, Ta Deusi."

Kicheko tena.

Ikafika saa ya baraka. Kwa wasiojua, kwetu mtu akisafiri, mkubwa wa nyumba anachukua funda la pombe anampulizia, kichwani na mikononi, na vitu vyake vya safari pia. Ni kama kusema nenda na kinywa changu kikusindikize. Nyumbani mkubwa alikuwa Bibi, mama yake Baba. Alikuwa mzee sana, mwembamba, anatembea kwa fimbo, lakini sauti anayo. Baba alipoleta baiskeli yake ya kwanza Bibi aliipulizia. Jembe langu pia alilipulizia. Hata mtamba wangu alipozaliwa.

Bibi akampulizia Adelina kichwani, kidogo kama umande. Adelina amepiga magoti, macho yamejaa machozi.

"Na hicho chombo chake kiko wapi?"

Nikaifunua, nikaisogeza. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Nilidhani atapulizia mfuniko kwa nje.

"Macho yake yako wazi," Bibi akasema, "ni vizuri."

Akavuta funda. Akapuliza.

Wakuu, kioo kikazimika pale pale. Pale pale! Pombe inatua, giza linaingia.

 Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikaigeuza, pombe ikadondoka matone mawili. Na mimi nina redio, najua betri ya redio ikikaribia kufa sauti inalegea kwanza, unaitoa unaianika juani, inakupa siku mbili nyingine. Tochi nayo inafifia taratibu. Hii haikufifia. Iliuawa.

Ndipo likanitoka.

"Bibi! Umeiua! Umeiua laptop ya mtoto!"

Ningeishia hapo labda ningesamehewa mapema. Sikuishia hapo.

"Haya mambo yenu ya kutematema ndiyo yanatufanya tubaki hivi hivi! Kinywa chako kimemaliza mtamba wangu!"

 Ta Deusi mwenyewe aliangalia chini. Hata watoto waliokuwa wanakimbizana kwenye migomba walisimama.

 Bibi alijifuta mdomo kwa pembe ya kitenge chake, taratibu, upande huu na upande huu, kama mtu anayefuta uchafu. Akachukua fimbo, akaingia ndani.

Baba alisema neno moja tu. "Wewe."

Adelina akalia kwa sauti. Nikamwambia usilie, nitaipeleka itengenezwe. Akaniambia, "Silii laptop, Kaka."

Kesho yake Bibi hakutoka kutuaga. Adelina alisimama mlangoni kwake akasema shikamoo Bibi, naondoka. Akasema mara mbili. Tukaondoka.

Basi lilikuwa linapitia Kayanga, tukashuka na kwenda dukani kwa Mzee Salumu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia ndiyo hivyo imekufa. Akaipokea, akainusa.

"Mmeinywesha?"

Nikamweleza. Akaikausha kwa kitambaa, akafungua kifuniko cha chini, akachungulia. Akachomeka chaja, akaenda nyuma akawasha jenereta. Akabonyeza.

Kamuziki kakalia. Bluu. Kijani.

Nilikaa chini sakafuni, wakuu. 

"Pombe haikufika popote," akasema. "Vitufe viwili vitatu vitanatanata, basi. Hii iliisha umeme. Mliiwasha?"

"Kidogo kidogo tu, mzee. Nilikuwa nazima kila mara."

"Ulikuwa unazimaje?"

"Nafunika."

Akanitazama kwa huruma ambayo ni mbaya kuliko tusi. "Mwanangu, ukifunika sufuria moto unazimika?"

Akagusa pembeni ya laptop kwa kidole.

"Hamkuona kitaa chekundu kinapepesa?"

Adelina akaniangalia. Mimi nikaangalia redio zilizopangwa ukutani. Kwa hiyo ile mashine ilikuwa inakufa tangu mchana, inatuonyesha, na sisi tunacheka. Bibi alikuta imebakiza pumzi moja. Na mzee wa watu alinionya, betri imechoka, nikaona ananiibia.

Nilikuwa nimepanga nimsindikize Adelina hadi Bukoba. Akanivuta pembeni.

"Kaka, mimi na hii tutafika. Wewe rudi nyumbani leo hii."

"Nikufikishe kwanza."

"Rudi kwa Bibi."

Akapanda basi na laptop yake mapajani, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Mimi nikatafuta gari la kurudi.

Nikafika jioni, nimeshapanga maneno yote njiani. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi. Mkeka haupo. Kigoda chake hakipo.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya kioo. Nikamkimbilia Baba.

"Kaenda Kibingo kwa baba yako mdogo," akasema. "Kasema kinywa kinachoua hakifai kukaa nyumba yenye watoto."

Wakuu, niulizeni nililala vipi.

Asubuhi nikachukua baiskeli hadi Kibingo. Nikamkuta Bibi uani, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo Bibi."

Kimya. Maharage mazuri huku, mabovu kule.

Mtu mzima kukukatalia shikamoo, sijui kwenu mnaichukuliaje. Kwetu ni afadhali akuchape. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Betri, kufunika, kitaa chekundu, Mzee Salumu, kila kitu. Nikalia pia, siwafichi.

Akamaliza ungo wake. Ndipo akasema.

"Waliokuwepo ulipokuwa unanitukana walikuwa wangapi?"

"Wengi, Bibi."

"Hapa tuko wangapi?"

"Wawili."

"Basi hujaja bado. Nenda ukawaite walewale."

Akaanza ungo mwingine.

Nikarudi nikamwambia Baba kesho nanunua pombe niite watu. Baba akakataa. Pombe ya kuombea msamaha hainunuliwi, unaitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo nikakata ndizi zangu, nikazifukia shimoni ziive, nikasubiri siku zinazotakiwa, nikazikamua kwa miguu na majani, nikatia mtama. Zaidi ya wiki nzima. Na wiki yote hiyo kile chumba cha Bibi kiko wazi, napita mlangoni sitaki kutazama.

Halafu kupita nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa na mashahidi wangapi! Ta Deusi alinipokea mlangoni.

"Nije tena? Safari hii unamuua nani?"

"Njoo tu, Ta Deusi."

Akaona uso wangu, akaacha utani. "Nitakuja."

Mama mmoja kati ya wale wa jikoni alinirudisha mara mbili. Alisema mdomo wangu unahitaji kutembea kwanza. Nikatembea mpaka akakubali.

Siku yenyewe ikafika, Jumapili baada ya misa. Watu walewale, wengine na vigoda vyao. Baba mdogo akamleta Bibi kwenye karia ya baiskeli. Akakaa palepale alipokuwa amekaa siku ile, na mimi nikasimama katikati.

Nilitamani kusema kwa kuzungukazunguka, nikashindwa. Nikasema, si Bibi aliyeizima, ni mimi. Niliambiwa hii betri yake imechoka, nikachagua uzuri. Niliambiwa tusiiwashe, nikaiwasha ili mnisifu. Nilikuwa nafunika nikidhani nazima. Ilizimika yenyewe, nikamtupia lawama mkubwa wa nyumba hii mbele yenu. Nimekosa.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akapigwa kiwiko.

Bibi akauliza, "Hicho chombo kilifika?"

"Kilifika Bibi. Adelina katuma salamu kwa mtu wa basi."

"Kinaona?"

"Kinaona."

Akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe." Basi. Hakuongeza hata neno.

Nikamletea kibuyu cha rubisi niliyoitengeneza. Nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha kichwa. Akavuta funda kubwa, mashavu yakajaa.  Nasubiri nipuliziwe. Nasubiri.

Akaimeza.

Nikainua macho. Anajifuta mdomo.

"Ya kubariki utaitengeneza siku nyingine," akasema. "Hii ni ya kunywa. Sogea hapa ule."

Ta Deusi ndiye aliyeanza kucheka, halafu wote. Nikasogea nikala naye sahani moja. Jioni mkeka wake ulirudi chumbani.

Ile laptop Adelina aliitumia chuoni hadi alipomaliza, imechomekwa ukutani muda wote kama pasi. Vitufe viwili vilinata mpaka mwisho.

Nilichojifunza ni hiki. Ukienda kununua laptop iliyotumika, uliza betri kabla hujaangalia kioo, na muuzaji akikuambia ubaya wa bidhaa yake mwenyewe, msikilize, si kila duka ni mnada wa ng'ombe. La pili ndilo kubwa zaidi. Kitu kikiharibika mbele ya watu, funga mdomo kwanza, tafuta sababu baadaye. Laptop iliwashwa kwa dakika moja na jenereta. Bibi alinichukua wiki mbili, ndizi mikungu mitano na nyumba zote za jirani.

Uwanja ni wenu wakuu. Laptop yako ya kwanza ulichaguaje, na nani alilipia kosa lako? Na wale wa Karagwe na Kyerwa mliomo humu, najua mnanicheka, njooni mnichekee hapa hapa.